Nyota tano za sekondari ni dakika ngapi za chuo?

"Mwalimu, salamu. Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Lexington, Kentucky, nafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Timu ya kikapu ya chuo kikuu cha Kentucky hapa niliipenda kwa sababu ya Oscar Tshiebwe, Mkongo mwenzangu. Sasa kila vijana wapya wa sekondari wakisaini, kwa kinyozi wetu panawaka moto. Mmoja anasema kijana ana nyota tano, kwa hiyo ubingwa ni wetu. Mwingine anatuonyesha video ya dakika mbili kwenye simu. Wa tatu anasema kocha hafai kwa kuwa namba moja wa nchi nzima kaenda chuo kingine. Mimi nakumbuka 2024: tulikuwa na vijana wa kusifiwa kila mahali, tukatolewa na Oakland, chuo nilichokuwa sijawahi kukisikia. Nifundishe, mshabiki wa kawaida atamjuaje kijana atakayeisaidia timu na yule wa maneno tu? Halafu mpwa wangu ana miaka 16, mrefu, anacheza vizuri. Kuna mtu anataka dola 600 ili amwingize kwenye orodha za hao wenye nyota. Tulipe?"

Ndugu yangu, salamu zimefika. Nianze na la pesa kwa sababu ndilo la haraka: hizo dola 600 msizitoe. Sababu nitazieleza mwishoni, pamoja na mahali mpwa wako anapotakiwa kwenda. Sasa tuzungumze kikapu.

Nikikuelewa vizuri, kinachokuuma si kufungwa, maana kufungwa kila mshabiki anakuzoea. Mliambiwa vijana wale ni hazina, mkaamini, Machi ikafika, mwezi wa mashindano ya mtoano ya vyuo, ikawaumbua. Ndiyo maana unashuku kwamba sifa zile zilikuwa za uongo. Hazikuwa za uongo. Miezi mitatu baada ya Oakland kuwatoa kwa 80 kwa 76, Reed Sheppard alichaguliwa wa 3 katika drafti ya NBA, siku timu za kulipwa zinapochagua vijana kwa zamu, na Rob Dillingham wa 8. Vijana wawili wa mwaka wa kwanza, wa timu moja, wote ndani ya kumi bora, na timu yao haikuvuka hata mechi moja ya mashindano. Na mwenzao Justin Edwards, ambaye kabla ya kuingia chuoni alipangwa juu ya Sheppard, hakuchaguliwa kabisa siku hiyo, ikabidi atafute mkataba baadaye. Ukiyatazama haya haraka haraka unaona fujo tupu. Ukijua nyota zinatolewaje, yanaelewana.

Nyota ni alama za ubora wa kijana, na tano ndizo za juu. Wanaozitoa ni wataalamu wa kampuni kama 247Sports, Rivals na ESPN. Hawa huzunguka kwenye mashindano ya vijana ya kiangazi, hasa ligi zinazodhaminiwa na kampuni za viatu. Ile ya Nike huishia kwenye Peach Jam, kule North Augusta, South Carolina, kila Julai, na makocha wa vyuo hujipanga kando ya uwanja kama wanunuzi mnadani. Swali kubwa la wapangaji ni hili: kijana huyu mwili ukikomaa, atafika NBA? Ndiyo maana wanathamini sana urefu, mikono mirefu, kasi, wepesi wa kuruka, na umri mdogo. Wewe pale kwa kinyozi unauliza kitu kingine: Februari, ugenini, mbele ya mwanamume wa miaka 23 mwenye mabega kama mlango, kijana huyu atanisaidia kushinda? Nyota zinapima udongo, wewe unauliza mavuno ya msimu huu. Udongo mzuri ni jambo la kweli, wala sikwambii uudharau. Ila usiende na gunia shambani wiki ya kupanda.

Kuna jambo lingine kuhusu orodha hizi ambalo washabiki wengi hawaambiwi. Wavulana wanaocheza kikapu katika sekondari za Marekani ni zaidi ya nusu milioni. Hakuna mtu anayeweza kuwatazama wote. Anayecheza ligi kubwa za kiangazi anaonekana, anayebaki kijijini kwao haonekani. Na chuo chenye jina kikishamwita kijana, nafasi yake kwenye orodha huwa inapanda, kwa kuwa wapangaji nao hujiambia kwamba kocha yule lazima ameona kitu. Kwa hiyo mimi nazisoma orodha hivi: kileleni kabisa naziamini. Kijana wa 3 na kijana wa 40 nawaona kweli ni watu wawili tofauti. Lakini kijana wa 35 na wa 70 kwangu ni sawasawa, na anayegombana kwa ajili ya tofauti hiyo anagombana bure.

Mfano uko hapo hapo kwenu. Anthony Davis alikuwa mlinzi, yaani yule mfupi anayeupeleka mpira mbele, tena mwembamba, katika shule ndogo ya Chicago, Perspectives Charter, ambayo timu yake haikuwa na watazamaji wa maana. Akarefuka kama sentimita 20 katika muda mfupi, akabaki na mikono ya mtu aliyezoea kudunda mpira. Kiangazi cha 2010 akaonekana, na asiyekuwa kwenye orodha akawa miongoni mwa wa kwanza kabisa nchini. Utaalamu wa wapangaji haukubadilika kati ya mwaka mmoja na mwingine. Kilichobadilika ni mifupa ya mtoto. Kila unapoona namba mbele ya jina la kijana wa miaka 17, kumbuka kwamba unatazama kitu ambacho bado kinakua.

Na hapo hapo pana somo la pili, ambalo naona ndilo kubwa zaidi. Fainali ya 2012, Kentucky dhidi ya Kansas, 67 kwa 59. Davis alitupa mara 10 akafunga mara 1 tu. Pointi 6! Usiku ule ule alinasa ribaundi 16, yaani mipira iliyokosa kuingia, akazuia mitupo 6, akatoa pasi 5 za mabao, na akatangazwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho ya mashindano. Aliyefunga pointi 22 ni Doron Lamb, kijana wa mwaka wa pili. Aliyewatuliza wenzake msimu mzima ni Darius Miller wa mwaka wa nne, mtoto wa Maysville, Kentucky. Wengi wanaukumbuka ubingwa ule kama ubingwa wa watoto wa mwaka wa kwanza. Ulikuwa ubingwa wa watoto wenye vipaji vya ajabu waliokuta nyumba ina wakubwa, na kila mmoja akajua kazi yake. Siku Davis alipokosa kufunga, timu haikuhitaji afunge.

Sasa linganisha na yaliyowapata nyinyi 2024. Aliyewaua ni Jack Gohlke, pointi 32, mitupo 10 ya pointi tatu. Hakuna aliyempa nyota za maana alipokuwa sekondari. Alitoka Hillsdale, chuo cha daraja la pili, akahamia Oakland akiwa tayari ana shahada yake ya kwanza. Mtu mzima. Alikuwa ametupa mtupo ule ule maelfu ya mara, mazoezini na mbele ya watu wanaomkaba. Walinzi wenu walikuwa na vipaji zaidi yake, lakini hawakuwa wamewahi kukutana na mtu wa namna ile, na mechi ya mtoano haimpi mtu nafasi ya kujifunza.

Hilo si jambo la Oakland peke yake. Mwaka 2015 Kentucky ilikwenda nusu fainali ikiwa imeshinda mechi 38 bila kupoteza, ikafungwa na Wisconsin ya Frank Kaminsky, 71 kwa 64. Kaminsky katika mwaka wake wa kwanza chuoni alikuwa na wastani wa pointi 1.8. Katika mwaka wa nne, 18.8. Mwaka 2025 Duke ilikuwa na Cooper Flagg, kijana bora kuliko wote wa rika lake, ikatolewa na Houston nusu fainali, 70 kwa 67. Ubingwa ukachukuliwa na Florida, iliyobebwa na walinzi wa mwaka wa nne na wa tano: Walter Clayton Jr. aliyeanzia Iona, Alijah Martin aliyetoka Florida Atlantic, Will Richard aliyetoka Belmont. Watoto wa mwaka wa kwanza wameshawahi kuongoza timu hadi ubingwa, Carmelo Anthony wa Syracuse 2003, kundi la Davis 2012, Duke 2015. Hesabu mwenyewe imepita miaka mingapi katikati.

Kwa nini umri unakuwa na uzito hivyo? Sehemu ni mwili: kijana wa miaka 18 akisukumwa chini ya kikapu na mtu aliyebeba vyuma kwa miaka mitano, anapoteza hatua moja, na hatua moja chuoni ni kikapu. Lakini sehemu kubwa ni uamuzi. Mechi ya sekondari ni dakika 32, ya chuo ni 40. Uwanja wa chuo una urefu wa mita 28.65, viwanja vingi vya sekondari ni mita 25.6. Mstari wa pointi tatu unasogea kutoka mita 6.02 hadi 6.75. Chuoni kuna sekunde 30 za kutupa, na kila mpinzani ameshakaa na video zako, anajua unapenda kwenda kulia. Kijana aliyekuwa na nusu sekunde ya kufikiri sasa hana hiyo nusu. Wengi wanayazoea haya, lakini huyazoea Januari au Februari, na wengine mwaka wa pili.

Basi, ukipata orodha ya waliosaini, kabla ya kufungua video yoyote, chukua karatasi ufanye hesabu ya dakika. Mechi ina dakika 40, wachezaji watano uwanjani, jumla dakika 200. Andika wanaorudi kutoka msimu uliopita, andika waliohamia kutoka vyuo vingine, wape dakika unazoona wanastahili. Kilichobaki ndicho cha vijana wapya. Mara nyingi utakuta wakubwa wamekwisha kula dakika 150, na zile 50 zinagombaniwa na vijana watatu au wanne. Hapo mjadala wa kwa kinyozi unabadilika wenyewe. Humuulizi tena kijana kama ana kipaji, unauliza ni kazi gani moja anayoweza kuifanya vizuri kiasi kwamba kocha hawezi kumtoa kwa dakika 12. Kulinda mtu? Kunasa ribaundi? Kusimama kona na kufunga akiachwa? Mwenye jibu la swali hilo atacheza, hata kama ana nyota tatu. Mwenye mambo matano anayoyafanya nusu nusu atakaa benchi na nyota zake.

Kwenye takwimu, pointi ndizo zinazodanganya kuliko zote. Kijana mrefu wa mita 2.05 anayecheza dhidi ya watoto wa mita 1.85 atafunga 28 kila usiku bila kujifunza kitu. Mimi natazama kwanza mipira anayoiba, mitupo anayozuia na ribaundi za kushambulia, kwa sababu hizo zinatokana na mikono, macho na hamu, vitu ambavyo havibaki nyuma anapohama daraja. Sheppard alikuwa hivyo. Watu waliona mtoto wa kawaida wa North Laurel, wazazi wake waliichezea Kentucky, wakadhani anapendelewa kwa jina. Akaiba mipira 2.5 kwa mechi akiwa mwaka wa kwanza na akafunga asilimia 52 ya mitupo yake ya pointi tatu. Macho na mikono ile haikuja na basi la chuo.

Kuhusu mitupo mirefu, jihadhari na asilimia za kiangazi. Tuseme kijana katupa mara 60 kiangazi kizima. Mtu ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 33 anaweza kabisa kuonyesha 39 kwa bahati tu, au 27 kwa mkosi tu. Mmoja ataitwa mpiga tatu hatari na mwingine ataitwa hajui kutupa, kumbe ni mtu yule yule. Ndiyo maana makocha wanaangalia mitupo huru, ile ya kufidia faulo. Pale hakuna anayemkaba, umbali haubadiliki, na anatupa mingi. Kijana anayefunga mitupo huru kwa asilimia 85 lakini tatu zake zimekaa 30, mimi nina imani naye. Mwenye 40 kwenye tatu na 58 kwenye mitupo huru, nasubiri kwanza.

Tuje kwenye video ya dakika mbili. Haina ubaya, inafurahisha, na inakuonyesha jambo moja la kweli: kile ambacho mwili wa kijana unaweza kufanya siku nzuri. Haikuonyeshi anafanya mara ngapi. Tafuta mechi nzima, na usifuate mpira. Mfuate yeye. Mfano, mpira uko kulia, kijana wako yuko kushoto, anamlinda mpiga tatu aliyesimama kona. Mwenye mpira anapenya kuelekea mstari wa mwisho. Kijana aliyefundishwa, kabla mpira haujadunda mara ya pili, ameshaweka mguu mmoja ndani ya eneo la rangi, lile la chini ya kikapu, kifua amekigeuza ili amwone mwenye mpira na mtu wake kwa pamoja. Pasi ikirushwa kona, anarudi kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja juu, haruki. Anamlazimisha mpiga tatu adunde, na hatari imepita. Hakuna atakayepiga makofi. Asiyefundishwa anasimama wima, anamtazama mwenye mpira kama aliyekata tiketi, halafu anashtuka na kuruka kwa nguvu zote kutoka nyuma. Mara moja kati ya tano anaufikia mpira, na hiyo moja ndiyo iliyo kwenye simu ya rafiki yako. Zile nne ni vikapu vya wapinzani, na hazimo.

Tazama pia anapopoteza mpira: anakimbia kurudi, au anamgeukia mwamuzi? Tazama mkono wake dhaifu akibanwa. Tazama uso wake akitolewa, anakaa karibu na nani, anawapa wenzake mikono au anajifunika taulo. Kocha wa chuo anayatazama haya kuliko madunki, kwa sababu anajua kijana huyu Novemba atakaa benchi kwa mara ya kwanza maishani mwake, na anataka kujua atakuwa mtu wa namna gani akiwa pale.

Wewe una bahati ambayo wengi wanaofuatilia timu yenu kutoka mbali hawana. Kila Machi mashindano ya sekondari ya Kentucky yanachezwa Rupp Arena, hapo hapo mjini kwenu, timu 16, moja kutoka kila kanda ya jimbo, shule kubwa na ndogo pamoja. Nenda. Ukipata siku ya mapumziko, nenda mapema, kaa chini karibu na uwanja. Wengi wa waliosaini Kentucky hawatakuwa pale, wanatoka majimbo mengine, lakini jicho lako litajifunza. Kasi haionekani kwenye simu. Sauti haionekani: mlinzi anayewaita wenzake kila mara utamsikia kabla hujamwona. Na urefu wa kwenye karatasi utaupima kwa macho yako, maana si mara moja nimekuta mita 2.01 ya kwenye karatasi ikisimama kando yangu ikiwa 1.96.

Sasa la Oscar, kwa kuwa ndiye aliyekuleta. Mtoto wa Lubumbashi, alikuja Marekani akiwa sekondari, akasifiwa sana, akaanzia West Virginia. Mwaka wa kwanza alifanya vizuri. Wa pili mambo hayakwenda, akaondoka katikati ya msimu, Januari 2021. Kuna waliosema ameisha. Msimu wake wa kwanza kuichezea Kentucky alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akawa mchezaji bora wa vyuo wa nchi nzima. Siku moja dhidi ya Western Kentucky alinasa ribaundi 28. Na msimu ule ule, yeye akiwa na pointi 30 na ribaundi 16, mlitolewa na Saint Peter's. Halafu 2023 drafti ikapita bila jina lake. Ukiniuliza kama kijana huyu alikuwa "mzuri" au "mbaya" kwa neno moja, sitaweza kukujibu. Kwa chuo alikuwa dhahabu. Kwa NBA ya leo, inayotaka watu warefu wanaotupa kutoka mbali na kuwakaba walinzi wadogo, walimwona ana mapungufu. Ni kipimo kingine kabisa.

Upande wetu huku tunaye Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Aliushika mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, akaingia Connecticut 2006 akiwa na mita 2.21 na ujuzi mchache. Mwaka wa kwanza pointi 6 na ushei kwa mechi. Mwaka wa tatu pointi 13.6, ribaundi 10.8, na 2009 akachaguliwa wa 2 katika drafti. NBA haikumwendea kama tulivyoomba, lakini miaka yake mitatu ya chuo ni somo zuri: mtu mrefu aliyechelewa kuanza husaidia ulinzi mara moja, na mengine yote yanahitaji misimu miwili au zaidi. Ukisikia timu yenu imemsajili kijana wa namna hiyo, mpe muda huo. Shida ya siku hizi ni kwamba yeye mwenyewe huenda asijipe. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima, na tangu mwaka huo huo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. Anayekaa benchi hapa anaitwa kule kwa dakika na pesa. Simlaumu. Familia nyingi zinategemea kijana huyo mmoja, wewe na mimi tunajua maisha hayo.

Na hapo ndipo yule mwenzako wa tatu, anayemlaumu kocha kwa kumkosa namba moja, anapokosea. Chuo kinaweza kumkosa namba moja kwa sababu kocha ni mzembe, ndiyo, inatokea. Lakini kinaweza pia kumkosa kwa hesabu: pesa ile ile inaweza kumleta mlinzi wa miaka 22 aliyecheza mechi 90 za chuo, atakayebaki hadi Machi bila kutetemeka. Kwa nafasi 15 za kikosi, kocha anachagua kati ya kipaji kitakachoondoka baada ya miezi minane na uzoefu usio na mbwembwe. Njia zote mbili zina hatari. Ukitegemea watoto peke yao, unaomba wakomae kabla ya Machi. Ukitegemea waliohamia kutoka vyuo vingine peke yao, kila mwaka unajenga nyumba upya na wachezaji hawajuani. Mimi, ningekuwa na uchaguzi, ningechukua kijana mmoja wa kileleni, wawili wa nyota nne ambao wana sababu ya kubaki, na wakubwa wanne au watano. Lakini makocha wenye akili kuliko yangu hutofautiana juu ya hili.

Hukumu yako iweke lini? Novemba ni mapema mno, timu kubwa hucheza na dhaifu na kila mtoto anaonekana mfalme. Subiri wiki tatu za mechi za ligi yenu, Januari. Mtazame anapocheza ugenini. Akipungua kidogo tu, huyo ni mchezaji. Akipotea kabisa, bado ni mchezaji, ila ni wa mwakani. Na wakati huo wote, tafadhali, nyinyi wa kwa kinyozi msimwandikie kijana mambo machafu mtandaoni akikosa mtupo wa mwisho. Wanayasoma. Wanayasoma usiku ule ule, kwenye basi, wakiwa na miaka 18. Makocha wa vyuo wanajua hali ya vijana baada ya usiku kama huo, na ni jambo linaloniumiza kila nikilifikiria.

Tumalizie kwa mpwa wako. Orodha za kampuni zenye jina haziingiwi kwa kulipa mtu wa katikati. Zipo huduma halali za kulipia zinazotuma video na taarifa za mchezaji kwa makocha, lakini hata hizo hazimpi mtu nyota, na kocha anayemtaka kijana atampigia kocha wake wa shule bila mtu kulipa. Hizo dola zitumieni kwa nauli na ada ya timu ya kiangazi ambayo mmeiona ikifanya mazoezi kwa macho yenu. Muulizeni huyo bwana aandike kwenye karatasi atafanya nini hasa na lini. Nadhani atanyamaza.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni masomo, na hapa siwezi kukusaidia kwa maandishi. Wiki hii muombe mshauri wa masomo wa shule yake muonane ana kwa ana, wewe, mama yake na kijana mwenyewe. Ili acheze daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, anahitaji masomo ya msingi 16 yaliyoidhinishwa, na 10 kati ya hayo awe ameyamaliza kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa sekondari, na wastani wa alama usiopungua 2.3. Kijana wa miaka 16 hana muda mrefu wa kurekebisha akiwa ameshawekwa kwenye madarasa yasiyohesabika, na watoto wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili wakati mwingine huwekwa humo bila familia kujua. Muulize mshauri swali hilo moja kwa moja: haya anayosoma sasa, yanahesabiwa na NCAA? Kama kuna mwaka wa sekondari aliousoma Bukavu au kambini kabla hamjaja, NCAA watataka hati za shule hiyo katika lugha yake ya asili pamoja na tafsiri, kwa hiyo anzeni sasa kumtafuta mtu wa kuzifuata kule. Na kama hali yake ya uhamiaji haijakaa sawa, msipokee pesa yoyote ya kutumia jina lake kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji, maana mwenye visa ya mwanafunzi na mwenye ukaazi wa kudumu hawafungwi na sheria moja. Kocha wake wa shule naye mwendee siku ya mazoezi, si kwa simu, umuulize yeye anamwona mpwa wako akicheza daraja gani, na ni kazi gani moja anatakiwa kuifanyia kazi kiangazi hiki.